Siku Maji ya Rwirambo Yalipong'aa

1

Picha ya setilaiti ya asubuhi iliingia Nyafuru Magesa akiwa bado anapuliza chai. Akaiweka chini bila kuinywa. Ukutani, kutoka kona hadi kona ya chumba cha usomaji, ziwa lilikuwa limetandazwa kama linavyoonekana kutoka angani, na katikati yake kijani kilikuwa kimenenepa tangu jana. Mkia wake ulikuwa umejipinda kuelekea mji wa Mwibale, na Mwibale ndiko alikokuwa ameketi.

Setilaiti haionji maji. Inapima mwanga unaorudi kutoka ziwani, basi. Mwani ukiwa mwingi humeza mwanga mwekundu na kuurudisha ule wa jirani yake ambao jicho la mtu haliuoni, na msomaji wa picha hizo akilinganisha hiyo miwili anajua mwani ni kiasi gani na ni wa aina gani. Uliokuwa ukija ulikuwa wa ile aina yenye sumu ya ini. Sumu yenyewe haina rangi, na hakuna setilaiti iliyowahi kuiona. Inakisiwa tu, kwamba penye mwani mwingi wa aina hiyo, ndani ya chembe zake mna sumu nyingi. Makisio hayo yalikuwa yameulinda mji kwa miaka, na watu wa Mwibale hawakuwa na haja ya kujua zaidi. Bomba likitoa maji, wanakinga, wanakunywa.

Ziwani, mbele ya mabomba makubwa yanayovuta maji ya mji, mahali watu walipopaita Kinywa, yalielea mapazia. Zilikuwa kuta za turubai nzito zenye mota, ndefu kiasi cha kuugeuza mkondo. Yakielekezwa vizuri, kijani hakifiki Kinywani, kinakwenda kwingine. Sheria ilitaka huko kwingine kuwe ghuba isiyo na mtu, na ilikataza uamuzi huo kuachiwa mashine. Msomaji wa zamu aitazame ghuba kwa macho yake, kisha atamke kwa sauti yake kwamba hakuna mtu. Sauti hiyo ndiyo ufunguo. Mapazia hayaendi bila hiyo, na yakishakwenda hayarudi ila msomaji yule yule atamke kwamba watu wapo.

Mashine ilikuwa imependekeza Ghuba ya Rwirambo. Wakazi wake walihamishwa miaka iliyopita, wakapelekwa nyikani mbali na ziwa. Ripoti yake ilikuwa fupi: hakuna paa, hakuna moto, hakuna njia mpya. Juu ya majabali ya ufukweni kulikuwa na madoa meupe, na mashine ilikuwa imeyaandika kuwa kinyesi cha ndege.

Nyafuru akayakuza madoa yale. Alikuwa amezaliwa Ujita, na utotoni mwake hapakupita juma bila kupanda jabali na beseni la muhogo uliomenywa, auanike upate kuwa makopa. Ndege hawatui kwa safu. Akafungua picha ya juma lililotangulia. Madoa yalikuwa kwenye jabali jingine, upande unaopata jua mapema. Akaegemea kiti. Rwirambo kulikuwa na watu, na walikuwa wanaanika chakula chao.

Mkuu wa kituo, Bwana Rwechungura, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mpole, mtu wa kuwauliza wafanyakazi habari za watoto wao kwa majina. Akauliza kama ghuba imeshasomwa, kwa sababu upepo ulikuwa umebadilika na Kinywa hakitangoja. Akamkumbusha kwamba matangi ya akiba hayawezi kuulisha mji kwa majuma yote ambayo kijani hicho kingekaa.

Nyafuru hakuhitaji kukumbushwa. Kaka yake, Bwire, alikuwa mgonjwa wa figo. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya Wasabato, na sasa alikuwa mtu wa kuketi kwenye kiti cha hospitali ya mji mara kwa mara, damu yake ikitoka, ikioshwa, ikirudishwa. Mashine za kuosha damu hutumia maji mengi kuliko mtu anavyoweza kudhani, nayo hupita karibu kabisa na damu. Miaka ya nyuma, kabla ya mapazia, kijani kilifika Kinywani kwa siku chache tu. Waliokunywa maji ya bomba waliumwa matumbo na wengi wakapona. Kati ya waliokuwa kwenye viti vile hakupona hata mmoja. Hospitali za bara zilikuwa zimejaa, na kila mji wa pwani ya ziwa ulikuwa na wagonjwa wake wa kuhamisha.

"Kuna shida?" Rwechungura akauliza.

Nyafuru alitazama yale madoa mara ya mwisho. Aliwaza juu ya watu asiojua walikuwa wangapi, na juu ya mtu mmoja aliyemjua hadi kovu la goti. Wagonjwa wengine wa viti vile hakuwawaza, ingawa baadaye angetaka kusema kwamba aliwawaza.

"Hakuna mtu," akasema.

Taa ya mapazia ikabadilika rangi. Rwechungura akamgusa bega kwa shukrani, akaondoka.

2

Siku hiyo hiyo aliomba ruhusa. Alisema shangazi yake anaumwa. Akapanda boti ya mota kutoka mwalo wa Mwibale, akashushwa mahali ambapo nahodha hakupenda kumshusha, akapanda kilima na kushuka upande wa pili akishikilia miti.

Hakuona kijiji mpaka alipokuwa ndani yake. Vibanda vilijengwa chini ya mapango ya mawe na chini ya miti, vimeezekwa mafunjo mabichi ambayo yalibadilishwa kabla hayajakauka. Mafiga yalikuwa ndani kabisa ya pango, na moshi ulipitishwa kwenye ufa mrefu hadi ukapoa. Walitembea juu ya mawe wasiache njia. Kuogopa jicho la juu kulikuwa kumewafundisha yote hayo. Walijua kwamba wakionekana, wataondolewa tena. Kule nyikani visima vilitoa maji ya chumvi na muhogo ulikataa, wakazika watoto, ndipo wakarudi kwao kimyakimya. Makopa tu ndiyo hawakuweza kuyaficha, maana hayakauki pasipo jua.

Aliyempokea alikuwa mwanamke wa rika lake, Wegesa, mwenye mtoto wa kike mgongoni na mwingine akimshika kanga. Ndiye aliyekuwa akisikilizwa pale. Alimpa kigoda na maji kwenye kibuyu, akamwacha anywe kwanza ndipo aulizwe.

Nyafuru aliwaambia kwamba sumu inakuja kwa njia ya maji, na kwamba waondoke. Watu walikuwa wamekusanyika pangoni, kaya kama thelathini. Hawakushtuka. Mwanamume mmoja jina lake Manyama alisema maneno hayo wameshayasikia. Ndiyo waliyoambiwa walipohamishwa mara ya kwanza, na walipoondoka vikaletwa vizimba vya samaki kwa miaka michache, na waliovileta walikuwa wakinywa maji yale yale.

Wegesa alikuwa akimtazama Nyafuru usoni.

"Dada, nani anaituma hiyo sumu?"

Nyafuru alisema ni mji, ni mapazia.

"Na mapazia yanaendeshwa na nani?"

"Na msomaji."

"Wewe ni nani?"

Angeweza kusema uongo. Alikuwa ameuandaa njiani. Lakini yule mtoto wa mgongoni alikuwa amemwekea mkono begani, kama watoto wafanyavyo kwa mtu yeyote aliye karibu, na uongo ukamkwama.

"Mimi ndiye msomaji. Niliona makopa yenu."

"Ukasemaje?"

"Nikasema hakuna mtu."

Bibi mmoja aliyekuwa kipofu aliuliza mgeni amesema nini, na hakuna aliyemjibu. Nyafuru akaeleza habari za kaka yake, haraka haraka, jina lake na ugonjwa wake na kile kiti, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa madogo.

Wegesa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila ukali, kwamba basi aseme sasa kuwa watu wapo. Si anao uwezo huo. Aseme, mapazia yageuke, yaishe.

Nyafuru alikuwa na kifaa cha kusemea, kimefungwa kwenye kifundo cha mkono. Kingemfikisha kituoni kabla ya kumaliza kuvuta pumzi. Alikishika, akakiachia. Akaanza kusema jambo jingine. Alisema kuna njia ambayo hakuna atakayekufa, si huku wala mjini. Kijani hakikai milele. Wenye miguu waondoke leo. Wasioweza, wajaze maji kila chombo walicho nacho, mitungi, madumu, ndoo, hata mitumbwi waipandishe nchi kavu waijaze, maana maji ya leo bado ni mazuri. Kisha wasiliguse ziwa mpaka yeye arudi kuwaambia.

"Tutaijuaje hiyo sumu?" mtu mmoja akauliza.

"Mtaiona. Maji yatakuwa kijani, mazito kama rangi ya kupaka mlango. Mkiona kijani, msinywe, msioge, msivue. Mbuzi wasisogee."

Manyama alisema mtu aliyekwisha kukuhesabu kuwa hupo hawezi kukufundisha namna ya kuishi. Akawaita mkewe na watoto, na ndugu zake, na waliokuwa tayari kumfuata, wakafunga mizigo wakapanda kilima kabla jua halijazama. Waliondoka karibu nusu.

Waliobaki walitaka kuondoka nao. Wegesa ndiye aliyewazuia. Nyafuru alimsikia akiwaambia kwamba kwa miaka yote hii hakuna mtu wa mji aliyewajia kwa miguu yake akawaambia ukweli, hata ukweli mbaya namna hii. Mtu aliyesema alichokisema huyu, mbele ya watu anaowatendea ubaya huo, hana sababu ya kudanganya kwa yaliyobaki. Na mama yake, yule bibi kipofu, hawezi kupanda mawe. Wakaanza kujaza mitungi.

Nyafuru aliwasaidia. Aliteka maji mpaka mikono ikamuuma. Alipoondoka Wegesa alimpa makopa yaliyofungwa kwenye jani, akasema ampelekee kaka yake, na hakukuwa na dhihaka katika sauti yake.

3

Kijani kiliingia Rwirambo. Nyafuru alikiangalia kikiingia, kidole baada ya kidole, mpaka ghuba ikawa na rangi moja kutoka jabali hadi jabali. Alikuza picha kila asubuhi. Makopa hayakuanikwa tena. Alijiambia kwamba wamekaa pangoni na mitungi yao, wanamngoja. Bwire alikwenda hospitalini kama kawaida na kurudi amechoka kama kawaida. Kwa muda Nyafuru aliishi kama mtu aliyepatanisha mambo mawili yasiyopatana, akala vizuri, hata akalala.

Kisha Rwechungura aliingia chumbani akasema upepo wa kusini unakuja, na ukivuma utakitoa kijani chote ghubani kirudi ziwani. Alikuwa ameagiza droni zimwage mrututu juu ya Rwirambo.

Ilikuwa kazi ya kawaida. Mrututu huua mwani, kama unavyoua ukungu kwenye majani ya kahawa. Chembe zake hupasuka, kijani huzama chini, maji yanabaki meupe. Lakini sumu iliyokuwa imefungwa ndani ya zile chembe haizami. Inaachiwa, yote kwa mara moja, ndani ya maji yasiyo na rangi. Kwenye ghuba tupu hilo halikumsumbua mtu. Jua na vijidudu vya maji vingeimaliza sumu baada ya majuma kadhaa.

Nyafuru alisikia sauti yake mwenyewe pangoni ikiwaambia watu watakavyoijua sumu.

Alisema wangoje kidogo.

"Tungoje kwa sababu gani?" Rwechungura akauliza. Aliuliza kwa nia njema, kama mtu anayeamini kwamba sababu ipo na yuko tayari kuisikia.

Jibu lilikuwa la maneno mawili. Nje ya ghuba bado kulikuwa na nusu ya kijani, imezuiwa na mapazia. Akitamka, mapazia yatarudi, na nusu hiyo itakwenda Kinywani. Alitazama saa. Kwa wakati huo Bwire alikuwa kwenye kiti.

"Kwa sababu ya samaki," akasema.

Rwechungura akatabasamu, akasema samaki wa Rwirambo hawana mwenyewe. Droni zikaruka.

Nyafuru alitoka akakimbilia mwalo. Upepo ule wa kusini ulikuwa umeshaanza, na hakuna nahodha aliyekubali kutia boti majini. Akarudi kupanda gari la barabara ya juu, njia ndefu inayozunguka ziwa, kisha kwa miguu. Njia nzima kifaa cha kusemea kilikuwa kwenye kifundo cha mkono wake. Alijiambia kwamba mitungi yao bado ina maji. Alijiambia kwamba watamngoja, si aliwaambia wamngoje. Gari liliharibika, likatengenezwa, likaharibika tena, na katika muda wote huo angeweza kutamka wakati wowote, akiwa ameketi kando ya barabara. Wazo hilo lilimjia mara nyingi. Kila lilipomjia alisimama akaanza kutembea, kana kwamba miguu ingefanya kazi ya mdomo.

Katika moja ya vituo vya njiani alifungua picha mpya kwenye kioo kidogo alichobeba. Rwirambo ilikuwa ya samawati. Mashine ilikuwa imeandika chini yake neno moja: salama.

4

Alipofika juu ya kilima aliliona ziwa, na lilikuwa zuri. Tangu utoto wake hakuwahi kuona maji maangavu namna ile. Mawe ya chini yalionekana moja moja. Ufukweni mbuzi walikuwa wamelala kwa ubavu, matumbo yamejaa upepo. Akashuka.

Watu walikuwa nje ya mapango, juu ya majabali, peupe kabisa. Hawakuwa wakijificha tena na chochote. Wengine walikuwa wamelala kwenye mikeka na wengine walikuwa wamefunikwa. Walio hai macho yao yalikuwa ya njano. Kulikuwa na harufu ya matapishi, na sauti ya mtoto akilia kidogo kidogo bila nguvu ya kulia vizuri.

Wegesa alikuwa ameketi kando ya mikeka miwili iliyofunikwa, mmoja mrefu na mmoja mfupi sana. Mtoto wake mkubwa alikuwa amelaza kichwa mapajani mwake. Hakuinuka.

Alimweleza Nyafuru yaliyotokea kama mtu anayetoa taarifa. Kijani kilipokuja walifanya kila walichoambiwa. Hawakuoga, hawakuvua, mtoto aliyekaribia maji alichapwa. Mitungi ilipokaribia kuisha walipimiana kwa kifuniko cha chupa. Kisha vilipita vitu angani vikinyunyiza kitu, wakajificha. Walipotoka maji yalikuwa yameanza kupungua kijani, na baada ya hapo yakaisha kijani kabisa. Hata hapo baadhi walitaka kumngoja. Lakini yule mtoto mdogo midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu, na bibi alikuwa hasemi tena. Akashuka yeye Wegesa mwenyewe, akateka. Akayatazama kwenye jua, akanywa. Akawaita wengine.

"Ulituambia kijani," alisema. "Hii si kijani."

Nyafuru alipiga magoti. Alianza kueleza habari za mrututu na chembe zinazopasuka, na Wegesa akamnyooshea kiganja kumzuia.

"Waliokukataa waliondoka siku ile ile na Manyama. Wako juu huko, wazima. Tuliobaki ni sisi tuliokuamini. Na mimi ndiye niliyewaambia wakuamini."

Nyafuru akakifungua kifaa kilichokuwa kwenye kifundo cha mkono wake. Akatamka, kwa sauti iliyomtoka kwa shida, kwamba watu wapo. Ikawa rahisi hivyo. Kule mbali ziwani mapazia yakaanza kugeuka. Lakini wakati huo upepo wa kusini ulikuwa umekipeleka kijani kilichobaki kaskazini, mbali na Kinywa na mbali na kila mtu. Yangeweza kugeuka siku ile ya pangoni, au asubuhi ile ya kwanza kabla ya chai kupoa, au wakati gari limeharibika. Ni sasa tu kutamka kulipokuwa hakumgharimu mtu chochote.

Boti za uokoaji zilifika baadaye. Madaktari waliokuja nazo walikuwa na maji safi na sindano, na walisema wazi kwamba ini likishafika hapo hakuna dawa, anayepona anapona mwenyewe. Mtoto mkubwa wa Wegesa hakupona.

5

Bwire alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha. Mirija miwili ilitoka mkononi, mmoja ukipeleka damu na mwingine ukiirudisha, na mashine ilikuwa ikinguruma taratibu. Alikuwa akijiandikia noti za wimbo mpya kwenye karatasi iliyokuwa juu ya goti. Alipomwona dada yake alifurahi, kisha akaona uso wake, akaweka kalamu chini.

Nyafuru alimweleza yote. Hakujitetea. Alianza na makopa na kumaliza na mikeka juu ya majabali. Bwire hakumkatiza. Mara moja tu aliuliza watoto walikuwa wangapi, na alipoambiwa alifumba macho.

"Niitie muuguzi," akasema.

Nyafuru alimjua kaka yake. Alimjua tangu walipokuwa wakilala mkeka mmoja. Alijua kwamba ataomba atolewe ile mirija, na kwamba hatarudi kwenye kiti kile, na njiani kuelekea kwa muuguzi alikuwa tayari ameanza kulia. Ndani ya kilio hicho kulikuwa na kitu kama nafuu, maana angalau mtu mmoja katika familia yao angekuwa mwema.

Muuguzi alikuja. Bwire akamwuliza zimebaki saa ngapi. Akaambiwa. Akasema mara iliyopita walimkatishia mapema kwa sababu ya foleni na miguu ikamvimba, kwa hiyo leo anaomba aachwe amalize muda wake wote. Kisha akaomba mgeni wake aonyeshwe mlango.

"Kaka," Nyafuru akasema.

"Ulifikiri nitakufa ili upate kupumua." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Sitaki kufa, Nyafuru. Nimekusikiliza yote hayo na bado sitaki. Nitakuja hapa kila nitakapoitwa, nitaketi, nitayapokea haya maji. Hilo umelifanya wewe, na mimi nalichukua. Ila usije nyumbani kwangu. Usinililie nikifa, na nikiwa hai usinitazame."

Akageukia dirishani. Muuguzi, ambaye hakuwa amesikia ya mwanzo, alimshika Nyafuru mkono kwa upole, akamwambia wagonjwa wa figo hukasirika ovyo, asiyaweke moyoni.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja ofisi ya upelelezi. Aliyempokea alikuwa dada kijana mwenye adabu, aliyemletea kiti na kumwamkia shikamoo. Nyafuru akasema amekuja kueleza kuhusu watu waliouawa Rwirambo na jinsi alivyowaua. Yule dada akavuta kibodi, akatafuta Rwirambo kwenye ramani, akasema hapana kijiji cha jina hilo wala mkazi aliyeandikishwa, kwa hiyo itabidi waanze na majina. Amtajie waliokufa, mmoja mmoja, ataandika.

Nyafuru alifungua mdomo. Alikumbuka mkono mdogo begani mwake. Alikumbuka bibi akiuliza mgeni amesema nini, na wanawake waliopokezana naye ndoo, na yule aliyeuliza wataijuaje sumu. Yule dada alingoja, vidole vikiwa tayari. Jina alilolijua la mtu aliyekunywa maji yale lilikuwa moja tu, Wegesa, na Wegesa alikuwa hai.